Kuimba na Kusikiliza Polifonia ya Kanisa ya Karne ya 16: Mwongozo Kamili kwa Kwaya, kwa Kufuata "Sicut cervus" ya Palestrina

Kwaya inayoimba sauti nne kila Jumapili kwa kusoma solfa inaweza kuimba muziki wa Palestrina, mtunzi wa Roma wa karne ya 16. Walimu wengi wa kwaya hawaamini hivyo. Wanauona muziki wa kanisa wa zama za Renesansi kuwa ni wa makanisa makuu ya Ulaya na wahitimu wa vyuo vya muziki. Lakini ukiangalia kinachotakiwa, sehemu kubwa tunayo: nota tunasoma, besi zinazoshuka kwelikweli tunazo, kuimba bila ala si jambo geni kwetu, na Misa ya Malaika kwa Kilatini inafahamika katika parokia nyingi. Kuna tabia moja tu ya kubadili. Tumezoea soprano ibebe wimbo, sauti nyingine zijaze chini yake, na kinanda kiwashikilie wote. Katika polifonia ya karne ya 16, yaani muziki wa sauti kadhaa zinazojitegemea, hakuna sauti inayosindikiza. Besi ana wimbo wake kamili, alto ana wake, na kila mmoja anaubeba mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na hilo.

Nitafuata kazi moja, Sicut cervus ya Giovanni Pierluigi da Palestrina, ya sauti nne. Ni moteti fupi (wimbo wa kwaya wenye maneno matakatifu ya Kilatini), dakika tatu hivi, na soprano yake haipai kupita kiasi. Maneno yake ni mwanzo wa Zaburi ya 42: "Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji, vivyo hivyo nafsi yangu inakuonea shauku, Ee Mungu." Katika liturujia ya Kirumi maneno haya ni ya Jumamosi Kuu, yakiimbwa wakati wa kuelekea kwenye kisima cha ubatizo. Palestrina alizaliwa karibu na mwaka 1525, akatumikia makanisa makubwa ya Roma, na kuanzia 1571 hadi alipofariki mwaka 1594 aliongoza kwaya ya Cappella Giulia katika Basilika la Mtakatifu Petro. Katika miaka ya 1570 alifiwa na ndugu yake na watoto wawili wa kiume, na mwaka 1580 akamzika mke wake, Lucrezia. Waambie wanakwaya jambo hili kabla hawajaimba nota ya kwanza. Zaburi ya kiu ni zaburi ya mtu anayeteseka.

Anzeni kwa kusikiliza, tena kwa utaratibu

Usigawe makaratasi siku ya kwanza. Tafuta rekodi mbili tofauti za wimbo huu. Zipo nyingi mtandaoni, na mtu mmoja mwenye bando anaweza kuzipakua kwa niaba ya wote. Tumieni spika kubwa au visikilizi vya masikioni. Spika ya simu hainyanyui besi, na katika muziki huu ukipoteza besi umepoteza robo ya wimbo, si mapambo.

Mara ya kwanza, kila mwanakwaya ainue mkono anaposikia sauti mpya ikiingia na maneno "Sicut cervus". Mtasikia teno ikianza peke yake. Alto inafuata na wimbo uleule ikiwa juu zaidi, kisha soprano, na besi inaingia ya mwisho. Hii ndiyo njia kuu ya kutunga ya zama zile: sauti moja inatoa neno, nyingine zinalipokea moja baada ya nyingine, na ya kwanza haisubiri, inaendelea na safari yake.

Mara ya pili, fuata sauti moja tu hadi mwisho. Chagua teno. Ni zoezi gumu, kwa kuwa sikio letu linakimbilia juu kwa soprano kila mara na inabidi ulirudishe kwa nguvu. Rudia na besi, kisha na alto, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote kwa kuwa imefichwa katikati. Mwalimu wa kwaya asiyeweza kufuata alto kwa sikio hataweza kuwasahihisha alto watakapokosea.

Mara ya tatu, sikilizeni viungo. Maneno yamegawanyika sehemu tatu: "Sicut cervus desiderat ad fontes aquarum", kisha "ita desiderat", kisha "anima mea ad te, Deus". Kila sehemu ina wimbo wake mpya unaopokezanwa. Angalieni jinsi sehemu zinavyoungana: sauti mbili zinamaliza sentensi huku ya tatu tayari imeshaanza inayofuata. Ni nadra sana wote kunyamaza pamoja. Anayetafuta ubeti na kiitikio hatavipata, na ndiyo maana watu wengi wakisikia muziki huu mara ya kwanza wanasema hauna mwanzo wala mwisho. Waonyeshe sehemu hizi tatu na watausikia vizuri.

Kwa usikilizaji mpana zaidi, vikundi viwili vya Uingereza vimefanya kazi kubwa sana katika muziki huu: The Tallis Scholars, kilichoanzishwa na Peter Phillips mwaka 1973, na The Sixteen cha Harry Christophers, cha mwaka 1979. Sauti zao zimenyooka na hazitetemeki, na kila mstari unasikika. Msiige sauti zao. Igeni jinsi wanavyosikilizana.

Chagueni watu wachache

Kwaya ya watu 50 isiimbe wimbo huu yote kwa mara ya kwanza. Watu 12 hadi 16 wanatosha, watatu au wanne kwa kila sauti. Makundi makubwa yanaziba mistari, na mtu anayetegemea sauti ya jirani hajifunzi kushika yake.

Jambo moja kuhusu alto. Katika kwaya za makanisa ya zama zile soprano waliimba wavulana au wanaume wenye sauti nyembamba, na alto ilikuwa ya wanaume pia. (Masista katika konventi zao waliimba polifonia, lakini si katika kwaya za Papa.) Matokeo yake ni kwamba sehemu ya alto mara nyingi inashuka chini kuliko wanawake wengi wanavyoweza kusikika. Dawa ni rahisi: mpeleke teno mmoja au wawili wenye sauti nyepesi wakaimbe na alto. Msiwalazimishe akina mama kusukuma sauti ya kifua.

Wala usiogope kubadili mahali pa kuanzia. Wakati ule hapakuwa na kipimo kimoja cha sauti kilichokubaliwa kila mahali. Kiongozi aliwapa waimbaji mahali panapowafaa. Kama soprano zinakazana, shusheni nusu hatua au hatua nzima.

Nota: pa kuzipata na namna ya kuziandika kwa solfa

Hifadhi ya Choral Public Domain Library, inayofanya kazi kwenye intaneti tangu 1998, ina matoleo kadhaa ya Sicut cervus ya kupakua bure. Soma masharti ya toleo unalochagua kabla ya kurudufu. Matoleo mengine yamepandishwa au kushushwa, kwa hiyo hakikisheni wote mna toleo moja.

Sasa tufike mahali ambapo kwaya zetu nyingi hukwama: kunakili kwa solfa. Mazoea yetu ni kupanga sauti nne kwa safu, na chini yake mstari mmoja wa maneno kwa wote. Kwa nyimbo za kawaida inafaa, kwa sababu wote wanatamka silabi moja kwa wakati mmoja. Hapa haifai kabisa. Teno akiwa kwenye "aquarum", besi ndiyo kwanza anasema "Sicut". Kila sauti lazima iwe na mstari wake wa maneno chini ya nota zake.

Mimi ningekwenda mbali zaidi. Waimbaji wa karne ya 16 kwa kawaida hawakuimba kutoka karatasi iliyopanga sauti zote pamoja. Mara nyingi kila sauti ilichapwa kwenye kitabu chake, bila mistari ya kugawa mapigo. Fanyeni hivyo katika mazoezi mamoja: nakili sauti ya teno peke yake kwenye karatasi moja, alto kwenye nyingine, na kadhalika, kisha uondoe mistari yote ya wima. Weka alama ya pumzi tu mwisho wa kila fungu la maneno. Tofauti inasikika papo hapo. Mtu anayeona mstari wa wima baada ya kila mapigo manne hukandamiza pigo la kwanza kila mara, tak, tak, tak, na wimbo unakuwa gwaride. Asiyeuona hufuata maneno. Baada ya hapo mnaweza kurudi kwenye karatasi yenye sauti nne, maana kuona wenzako wanafanya nini nako kuna faida yake.

Mtakuta pia alama ndogo za kupandisha au kushusha zimewekwa juu ya nota badala ya pembeni yake. Hizo zimeongezwa na mhariri wa leo. Waimbaji wa wakati ule walijua kwa mafunzo yao wapi wapandishe nota kabla ya kituo, yaani mahali fungu la maneno linapofungwa, na watunzi mara nyingi hawakuandika. Kwenye solfa zitakuja kama fe, se au ta. Ziimbeni kama toleo lenu linavyosema, isipokuwa sikio la mwalimu lina sababu nzuri ya kukataa.

Kilatini: tuna bahati, na tuna mtego mmoja

Irabu za Kilatini cha Kanisa ni a, e, i, o, u zilezile tunazozisema kila siku, safi, bila kuvutwa. Kwaya za Uingereza na Marekani hupoteza muda mwingi kutafuta irabu ambazo sisi tumezaliwa nazo. Matamshi ni haya: sikut chervus desiderat ad fontes akwarum, ita desiderat anima mea ad te Deus. Herufi c mbele ya e au i inasomeka ch, na qu inasomeka kw.

Konsonanti za mwisho ndizo zinazohitaji uangalizi. "Sicut" isigeuke "sikuti", wala "desiderat" isiwe "desiderati". Tamkeni t fupi, wote kwa pamoja, kisha mnyamaze.

Mtego wenyewe ni mkazo. Ulimi wetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kufikiri. Kwa bahati, maneno mengi ya moteti hii yanakubaliana nasi: CHERvus, FONtes, aKWArum, MEa, DEus. Mawili yanakataa. Ni de-SI-de-rat, si desiDErat. Ni A-ni-ma, si aNIma. Palestrina ametunga akifuata mkazo huo, hivyo ukiuweka pengine unapigana na wimbo wake. Kabla ya kuimba, someni maandishi yote kwa kusema, polepole, sauti zote pamoja, mara kadhaa, hadi "anima" itoke vizuri bila mtu kukumbushwa.

Kushika sauti

Kila sauti ijifunze peke yake, lakini si kwa njia ya kukariri kutoka kinandani. Tumieni kinanda kutoa nota ya kwanza tu, kisha kifungeni. Kinanda kinatoa nota bila pumzi na bila maneno, na mwimbaji akishaizoea sauti yake namna hiyo ataiimba hivyo.

Mpango unaofaa ni huu: solfa kwanza hadi nota zikae, kisha wimbo wote kwa irabu "u" laini, kisha maneno. Hatua ya "u" isirukwe. Hapo ndipo mwanakwaya anagundua kwamba mstari wake unapanda na kushuka kama wimbo kamili. Wakati mwingine simamisha zoezi na umwombe besi mmoja aimbe mstari wake wote peke yake mbele ya wenzake. Wengi hawajawahi kusikia besi ikiimba wimbo.

Kisha unganisheni wawili wawili: teno na alto, soprano na besi, alto na besi. Msikimbilie sauti nne. Mkiimba wawili, waambie: anayeingia na maneno mapya ndiye anayesikika, aliyekwisha kuyasema ampishe. Asinyamaze, apunguze tu kidogo. Kanuni hiyo moja ikishikwa, nusu ya kazi ya kuongoza imekwisha, kwa kuwa kila mtu anajua lini ni zamu yake bila kutazama mkono wa mwalimu.

Silabi ya "kwa" katika "aquarum" hunyooshwa juu ya nota nyingi zinazotiririka. Hapo kwaya zetu huwa na tabia ya kusukuma kila nota kwa h: kwa-ha-ha-ha. Wazoesheni kuimba nota zote kwa pumzi moja iliyonyooka. Pumzi ikiisha katikati, mmoja apumue huku mwenzake anashikilia, wasipumue wote mahali pamoja.

Mgongano na kituo

Hiki ndicho kiungo kitamu kuliko vyote katika muziki huu, nami nawasihi mkipe muda. Chukua watu wawili. Wa juu aimbe do ya juu na kuishikilia. Wa chini aimbe mi, kisha ashuke re. Re ikifika, ile do iliyokuwa imetulia sasa inagongana nayo. Masikio yanauma kidogo. Sasa wa juu ashuke ti, na mgongano unalainika. Mwishoni wa juu arudi do, wa chini ashuke do, na wote wamefika.

Rudieni zoezi hilo hadi kila mtu awe amekaa pande zote mbili. Mtunzi wa karne ya 16 karibu kila anapotaka kufunga fungu la maneno hutumia mwendo huu au ndugu zake. Mwimbaji asiyeujua huona nota inayogongana, akadhani amekosea, akapunguza sauti au akahama. Anayeujua hufanya kinyume: nota iliyoshikiliwa anaikuza kidogo wakati mgongano unapofika, kisha analegeza anaposhuka. Tafuteni kila mgongano kwenye karatasi zenu na mwuzungushie duara kwa penseli. Kuna mwingi kuliko mnavyodhani.

Mwendo

Mwaka 1496 mwananadharia Franchinus Gaffurius aliandika kwamba pigo la muziki lilingane na mapigo ya mshipa wa mtu anayepumua kwa utulivu. Kipimo hicho kinasaidia hata leo. Mkono wa kiongozi uende chini na juu, sawasawa, bila madoido. Kama Sicut cervus yote inamalizika kwa dakika tatu au kuzidi kidogo, mko mahali pazuri. Ikifika nne mnaburuta, na pumzi zitaisha. Msipunguze mwendo kila mnapokaribia kituo. Punguzeni mwisho kabisa tu.

Sauti ikishuka

Kwaya bila kinanda hushuka, hilo si aibu, lakini lina sababu zinazotafutika. Mara nyingi ni nusu hatua: ti inaimbwa chini mno kabla ya do, au mi inalegea wimbo unaposhuka mi-re-do. Mara nyingine ni nota inayorudiwa, ambapo kila marudio yanazama kidogo. Waambie wanakwaya wafikirie ti imekaa karibu sana na do, na nota inayorudiwa waifikirie inapanda. Kwa akordi ya mwisho, yaani nota za sauti zote zinazosikika pamoja, jengeni kutoka chini: do na sol kwanza, zitulie kabisa, kisha mi iingie kwa sauti ndogo. Mi ikikaa mahali pake bila kusukumwa, akordi itang'aa yenyewe. Kinanda hakiwezi kuwapa mi hiyo. Mi ya kinanda iko juu kidogo ya ile ambayo masikio yanaitafuta.

Siku ya kuimba

Simameni nusu duara, karibu karibu, mkiweza mchanganyike, ili kila soprano awe na teno au besi pembeni yake. Kanisa la tofali lenye dari ya juu litarudisha sauti, kwa hiyo acheni akordi ya mwisho ife kabla ya kushusha mikono. Kanisa la bati lisilo na dari lina mwangwi mdogo: ongezeni mwendo kidogo, na msimame mkiwa na ukuta nyuma yenu.

Mkesha wa Pasaka, Zaburi ya 42 ipo katika liturujia yenyewe panapokuwa na ubatizo. Zungumzeni na paroko mapema. Siku nyingine, komunyo ni mahali pazuri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika konstitusyo ya liturujia ya mwaka 1963, uliupa wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza na ukataja polifonia kwa jina miongoni mwa muziki usiotengwa. Mtu mmoja asome tafsiri ya zaburi kabla hamjaanza, ili waamini wajue wanachosikia.

Baada ya hapo

Kwaya za KKKT na Anglikana zinazotaka kuanza bila Kilatini zichukue If ye love me ya Thomas Tallis, fupi, ya sauti nne, kutoka Injili ya Yohane sura ya 14. Kwa Wakatoliki ningependekeza Ave verum corpus ya William Byrd, iliyochapwa mwaka 1605. Humo sauti nyingi zinatembea pamoja, kwa hiyo ni rahisi kushika kuliko Palestrina, ingawa mapema kabisa, kwenye neno "verum", kuna mgongano mkali unaomshtua besi kila mara. Byrd alikuwa Mkatoliki katika Uingereza ya Kiprotestanti, na misa zake za sauti tatu, nne na tano zilichapwa bila ukurasa wa jina na kuimbwa katika nyumba za waumini kwa siri. Noeli, jaribuni O magnum mysterium ya Tomás Luis de Victoria, ya mwaka 1572. "Magnum" isomeke manyum.

Kwa kusikiliza tu, tafuteni Ave Maria… virgo serena ya Josquin des Prez, iliyochapwa Venice mwaka 1502. Sauti zinaingia kwa zamu kutoka juu hadi chini, na mwishoni zote nne zinasimama pamoja kwa akordi ndefu kuomba "O Mater Dei, memento mei". Kisha Spem in alium ya Tallis, yenye sauti 40 tofauti.

Sicut cervus nayo ina sehemu ya pili, Sitivit anima mea, "Nafsi yangu inamwonea kiu Mungu", ambayo kwaya nyingi huiacha. Ianzeni mapema, wiki chache baada ya kuimba ya kwanza, wakati karatasi za teno bado hazijapotea.